Kwa Wanaparokia Tu

Corinne Baskin hakukaa. Mama Rosalind, kasisi wa parokia, alimvutia kiti, akamwonyesha kwa mkono, akamwonyesha tena, lakini binti yule alibaki amesimama na mtoto wake kifuani, na koti lake la baridi hakulifungua hata kifungo kimoja. Mzee Alden Thayer alikuwa ameitwa kutoka ukumbini, bisibisi bado mkononi. Alipoliona lile koti lililofungwa, alijua binti hakuja kukaa.

"Nataka abatizwe," alisema Corinne. "Hapahapa. Jumapili ya Watakatifu Wote, kama tulivyobatizwa sisi."

"Hiyo ni habari njema sana," alisema Mama Rosalind. "Anaitwa nani?"

"Linnea. Lakini nina sharti."

Alden akashusha pumzi. Sharti si kitu. Wazazi wengi wana masharti: huyu hataki maji ya baridi, yule anataka bibi mzaa baba akae mbele ya bibi mzaa mama. Ndipo Corinne akamtazama yeye, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Lile swali mnaloulizwa ninyi nyote mlioko kwenye viti. Kama mtamsaidia mtoto."

"Tunalijua," alisema Mama Rosalind. "Kanisa zima hujibu kwamba litamsaidia."

"Hapohapo. Sitaki wajibu."

Ndani ya ofisi ile palikuwa na kipasha joto cha zamani kinachogonga kama mtu aliye ndani ya bomba. Kiligonga, kikanyamaza.

"Swali lenyewe siwezi kuliondoa, mwanangu," alisema Mama Rosalind taratibu. "Limo kwenye ibada. Hata askofu hawezi kuliondoa."

"Liulize. Ila wao wanyamaze. Akijibu hata mmoja, nambeba mwanangu naondoka."

"Naomba kuuliza kwa nini."

"Kwa sababu kwa kaka yangu walijibu." Corinne akampandisha mtoto begani. "Bwana Thayer atawaambia. Yeye wanamsikiliza."

Akatoka. Bwana Thayer! Tangu alipoanza kutamka maneno binti huyu alikuwa akimwita Anko Alden. Yeye na kaka yake Emmett walikuwa wakipita dukani kwake kila wakitoka shule, wanaingiza mikono kwenye pipa la misumari kuisikia ikilialia, na yeye anajifanya kuwafukuza. Alden hakuwa na watoto. Emmett alikuwa mtoto wake wa ubatizo, na hilo jina la anko lilikuwa karibu kama kuitwa baba. Sasa amekuwa Bwana Thayer, kama karani wa benki.

Alirudi ukumbini kumalizia kazi aliyokuwa akiifanya. Mlangoni palikuwa na matundu ya skrubu za kibao kilichoondolewa, ambayo alikuwa ameshindwa kuyaziba tangu majira ya baridi yaliyopita. Kila mara alijiambia kesho. Mwezi mzima alitembea na kopo la puti ya kuzibia matundu mfukoni. Siku hiyo aliyaziba, akayasugua, akarudi nyuma kuyatazama. Yalikuwa yanaonekana vilevile.

Waepiskopali, yaani Waanglikana wa Marekani, wa mji huu wa Harlow Mills si watu wabaya, tusiwasingizie. Ukifika siku ya kwanza utadhani umeingia peponi. Hawakuulizi umeokoka lini. Hawakunyooshei kidole. Hata wakikukasirikia hawapandishi sauti, wanakutilia kahawa na kukuuliza kama unataka maziwa. Wana ugonjwa mmoja tu: jambo lolote lenye uzito hulipeleka kwenye baraza la parokia. Paa likivuja, baraza. Popo wakihamia mnarani, baraza. Mtu akikalia kiti ambacho mwenzake amekikalia tangu vita vya Korea, hapo ndipo baraza hukutana kwa dharura. Na jambo likishapelekwa kwenye baraza, kila mmoja huenda nyumbani akalala usingizi, maana si lake tena.

Wakijua kupenda, wanajua hasa. Marjorie, mkewe Alden, alipofariki, Alden hakuwasha jiko miezi mingi. Makaroni ya jibini, kuku wa kuoka, mchuzi wa samaki na viazi, vyote vilimfuata mlangoni vikiwa na jina la mpishi chini ya bakuli. Hester Lovell alikuwa akija kumfulia mashuka bila kuombwa, na akimwona analia anajifanya hamnazo, anaendelea kukunja. Alden aliwahi kusema kwenye mkutano wa mwaka, mbele ya watu wote, kwamba siku ile ndipo alipojua maana ya kuwa mwanaparokia. Watu walitoa machozi. Alikuwa hajajua kitu.

Emmett aliumia mgongo katika kiwanda cha mbao. Daktari akampa vidonge vya maumivu, vidonge vikamnogea, vilipokatika akatafuta kingine kikali zaidi mitaani. Kazi ikaondoka, nyumba ikaondoka, akabaki na gari bovu. Baridi ilipozidi akawa analala ukumbini mwa kanisa, karibu na tanuri la kupashia joto. Asubuhi alikuwa akikunja blanketi vizuri na kusukuma viti mahali pake. Lakini akina mama wa shule ya Jumapili waliokota sindano chini ya meza ya kuchorea watoto, na hilo, kwa haki kabisa, liliwatisha. Wakati huo parokia haikuwa na kasisi, yule wa zamani amestaafu na Mama Rosalind hajaja. Na parokia isiyo na kasisi huwa mikononi mwa mzee wa kanisa, naye alikuwa Alden.

Baraza likakutana, likakubaliana bila kelele. Alden akatoa kitasa kizuri kuliko vyote dukani kwake, akakifunga kwa mikono yake, na juu yake akatundika kibao: Ukumbi huu ni kwa wanaparokia tu. Maneno hayo yalionekana ya upole. Hayakumtaja mtu.

Emmett alikuja alasiri ya siku ileile, theluji ikimwangukia mabegani. Alden alikuwa ndani bado, anafagia vumbi la mbao. Walitazamana kupitia kioo cha mlango.

"Anko, kitasa kipya hiki?"

"Ndiyo, Emmett. Baraza limeamua."

Kijana akasoma kibao, midomo ikimcheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Sasa mbona hunifungulii? Mimi si mwanaparokia? Si mlinibatiza wenyewe?"

Alden alilijua jibu. Sheria ya kanisa lao haina kona: aliyebatizwa na kuandikwa ni mwanaparokia, aje kila Jumapili au asije, aoge au asioge. Yeye mwenyewe aliwahi kuwasomea watu sheria hiyo kwa sauti. Na hakika mkono wake ulikwenda hadi kwenye kitasa. Kisha akakumbuka ile sindano, akakumbuka nyuso za wale akina mama, akafanya kile ambacho mtu wa Harlow Mills hufanya.

"Nitaliuliza baraza," alisema.

"Haya, Anko. Waulize basi."

Emmett akampungia mkono, akaondoka akiwa amejikunyata. Baraza lilikuwa likutane wiki iliyofuata. Kabla halijakutana walimkuta Emmett ndani ya gari lake nyuma ya kile kiwanda cha mbao, amekufa. Corinne, aliyekuwa mjamzito, alikataa asiletwe kanisani. Alimzika kaka yake kwa watu wa nyumba ya mazishi, na mtu wa kanisani alipopeleka bakuli la makaroni alirudishiwa likiwa na kifuniko chake.

Hakuna aliyemlaumu Alden. Hilo ndilo lililomkata maini. Wangemlaumu angejitetea, na katika kujitetea huenda angejidanganya hata akaamini. Walimpa kahawa. Kila mtu alisema baraza lilifanya lililoweza. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, ila hawakusema mjukuu huyo hulala kitanda kimoja nawe, na kwamba kwa mzee mjane asiye na mtu mwingine ndani ya nyumba, ndiye wa kuzungumza naye.

Kwa hiyo ombi la Corinne lilikuwa zito kwake kuliko alivyoweza kumweleza kasisi. Binti karudi. Kwa sharti, kwa koti lililofungwa, lakini karudi. Kama ibada ikienda alivyotaka, mtoto atabatizwa, na mtoto akishabatizwa atakuwa wao, na pengine siku moja Corinne atakunywa kahawa ukumbini, na pengine, Mungu akipenda, atateleza amwite Anko. Aliapa kimoyomoyo kwamba hatajibu mtu.

Aliwaambia Jumamosi, wakati wa kuandaa chakula cha maharage. Kila mwezi huwa wanapika maharage ya kuoka na sukari guru, soseji na mkate mweusi, mji mzima unakuja kula. Akina mama walikuwa wanakata kabichi. Alden akagonga kikombe kwa kijiko.

"Tusijibu?" alisema Hester Lovell. Hester ndiye mkuu wa wanaotunza vitambaa na vyombo vya madhabahu, na ukikunja kitambaa visivyo utajuta kuzaliwa. "Alden, nimejibu swali hilo tangu nina meno ya utotoni. Nikinyamaza si nitakuwa nimekataa?"

"Ni ombi la mama mtoto, Hester."

"Mama mtoto mwenyewe tangu kipaimara hatujamtia machoni."

"Hester."

"Nasema tu."

"Anasema nini huyo?" aliuliza Orrin Stacy kutoka kwenye sufuria ya maharage. Orrin ana sikio moja linalofanya kazi, nalo hufanya kazi likijisikia.

"Anasema kesho usijibu!" Hester akampigia kelele.

"Nisijibu nini?"

"Swali!"

"Swali gani?"

"Mnaona?" Hester akawageukia wenzake. "Kesho huyu atatuaibisha. Na sauti yenyewe hiyo, kama honi ya treni."

Wakacheka. Alden pia alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

"Tuliandika kwa wanaparokia tu," alisema. "Emmett alikuwa mwanaparokia. Tulimwitikia akiwa mchanga, tukamfungia mlango akiwa mtu mzima. Corinne haombi kikubwa. Anaomba tusimdanganye mtoto wake."

Visu vikatulia juu ya kabichi. Nje, gari lilipita likichapa maji ya barabarani.

"Hatukujua yatafika kule, Alden," alisema Hester kwa sauti ndogo.

"Kwamba ni wetu tulijua. Wewe ndiye uliyemshonea kanzu ya ubatizo."

 Hester alichukua kabichi nyingine na kuanza kuikata nyembamba, nyembamba mno, hata ikawa haifai.

Wakakubaliana. Watu wote watanyamaza. Na kuhusu Orrin, Alden alisema atakaa naye kiti kimoja na kumshika mkono, swali likifika ambinye.

Jumapili ile kanisa lilijaa kuliko kawaida, maana mji mdogo hauna siri, na mtu akisikia watu wameombwa kunyamaza atakuja kusikiliza ukimya. Corinne aliingia ibada ikiwa imeanza. Baba wa mtoto ni dereva wa lori na alikuwa safarini, mama yake Corinne alishahamia Florida, hivyo alikuja na rafiki yake wa kazini tu, mwanamke mnene mwenye nywele nyekundu ambaye ndiye angekuwa mama wa ubatizo. Linnea alikuwa amevaa sweta ya njano. Kanzu aliyoshona Hester, ambayo Corinne pia aliwahi kuivaa baada ya kaka yake, haikuonekana.

Alden alikaa pembeni mwa Orrin, vidole vyake vimezunguka mkono wa mzee mwenzake kama polisi na mwizi.

"Unaniumiza," alinong'ona Orrin, na viti vitatu vikasikia.

"Kumbuka, usijibu."

"Hester kanipigia simu mara mbili. Mimi si mtoto."

Walisimama. Corinne akasogea kwenye birika la ubatizo. Maji yalikuwa yamemiminwa tayari, ya uvuguvugu, Hester ameyajaribu kwa kiwiko. Mama Rosalind akawauliza mama na mama wa ubatizo maswali yao, nao wakajibu, Corinne kwa sauti kavu isiyotetemeka. Kisha kasisi akainua macho kutoka kwenye kitabu cha sala.  Alden akajua swali limefika.

Akilini alimwona Emmett, pale pale, mchanga ndani ya kanzu nyeupe. Na yeye mwenyewe pembeni, nywele bado nyeusi, Marjorie amemshika kiwiko.

"Na ninyi mnaoshuhudia," alisema Mama Rosalind, "je, mtamsaidia mtoto huyu kwa uwezo wenu wote, siku zote za maisha yake?"

"Tutamsaidia," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti nzuri, ya kiume, thabiti. Ilisikika hadi kwenye kinanda. Alden akaubinya mkono wa Orrin kwa hasira yote aliyokuwa nayo, akamgeukia. Orrin alikuwa amefumba mdomo, amekaza midomo kama mtoto anayekataa dawa, na macho yake makubwa ya kizee yalikuwa yanamtazama Alden kwa mshangao.

Ndipo Alden akajua ni sauti ya nani.

Ulimi hauna mfupa. Miaka yote amesimama mahali pale, watoto wangapi wamepita, swali likiulizwa na jibu likitoka lenyewe, kama mtu anayeitikia "salama" huku nyumba yake inaungua. Hakuwa amefikiri. Hakuwa hata amefungua mdomo, angeapa hivyo. Watu wote waliofundishwa na yeye kunyamaza walikuwa wamenyamaza. Hakuna aliyekohoa. Nyuso zote zilitazama mbele, kwa adabu ile ile ya Harlow Mills, na adabu hiyo ilimchoma kuliko matusi.

Corinne akamfunika mtoto kichwa kwa kofia ya sufu. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kingine. Rafiki yake akamshika bega, Corinne akautoa mkono huo polepole, akashuka katikati ya viti. Alipofika usawa wa Alden akasimama.

"Nilisemaje?"

"Ulimi, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Ulimi umezoea. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Hamkukusudia hata siku ile ya Emmett." Hakupandisha sauti, yeye naye ni mtoto wa hapo. "Ndiyo maana nilikataa."

"Corinne, nisamehe."

 Mtoto akatoa mkono mmoja nje ya blanketi, akashika hewa.

"Alhamisi nina zamu ya asubuhi kule kwenye nyumba ya wazee," alisema Corinne. "Jirani anayemshika Linnea anafanyiwa upasuaji. Sina mtu."

Alden akafungua mdomo.

"Usiseme," alisema Corinne. "Njoo. Au usije. Lakini usiseme."

Akatoka, na rafiki yake nyuma yake, na mlango mkubwa ukajifunga kwa uzito wake.  Mama Rosalind akaendelea na ibada, maana ibada haina namna nyingine, na watu wakala mkate na kunywa divai kikombe kimoja. Alden hakwenda mezani. Baadaye ukumbini keki ilibaki nzima, jina la Linnea limeandikwa juu kwa sukari ya waridi, hakuna aliyethubutu kuitia kisu. Kupitia dirishani Alden alimwona Hester nje, hana koti, anamwaga maji ya birika chini ya mti wa maple kama desturi inavyotaka, ili yarudi ardhini. Maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalimwagika hayajamgusa mtu. Alipomaliza, Hester alibaki ameinama pale na jagi tupu.

Orrin akaja akasimama karibu na Alden. "Nilinyamaza," alisema.

"Ulinyamaza, Orrin."

"Nikanywe kahawa?"

"Kanywe, ndugu yangu."

Mtu mmoja wa baraza alimwendea Alden akamwambia wanaweza kulizungumzia jambo hilo kwenye kikao kijacho, kutafuta namna ya kumfikia Corinne. Pengine waunde kamati ndogo. Alden alimtazama mtu huyo mwema, mwenye kikombe mkononi na kipande cha mkate wa limau kwenye kisahani, akajiona mwenyewe, siku ile, nyuma ya kioo cha mlango.

"Hapana," alisema. "Safari hii msiliulize baraza."

Alhamisi alikuwa nje ya nyumba ya Corinne kabla taa ya jikoni haijawaka. Alikaa ndani ya gari, injini imezimwa, baridi ikimpanda miguuni, kwa sababu aliogopa kuchelewa na aliogopa kubisha mapema. Taa ilipowaka akatoka, akapanda ngazi akishikilia ukuta, barafu ilikuwa imeshika kila kitu. Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Corinne alikuwa amevaa sare ya bluu ya kazini, mswaki mdomoni. Aliutoa.

"Umekuja."

Alden aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameamua asiseme neno ambalo hakuulizwa.

"Chupa zimo kwenye friji. Unapasha kwenye maji, usiweke kwenye maikrowevu. Akilia sana mtembeze, anapenda dirishani." Alikuwa anazungumza huku akivaa viatu, akitafuta funguo, akizipata. "Nitarudi saa tisa. Haya, mshike."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Alden alijikuta amenyoosha mikono kama anayepokea mzigo wa mbao, na Corinne ikabidi aikunje yeye, kiwiko hiki hapa, kiganja hiki kule.

"Kichwa. Shika kichwa. Hujawahi kushika mtoto?"

"Nilimshika Emmett," alisema Alden. "Siku ile, kanisani. Kasisi alinipa nimshike."

"Na baada ya hapo?"

Aliulizwa, kwa hiyo ilimpasa ajibu. Alitafuta. Alipekua miaka yote, sikukuu, pikiniki za kanisa, mapipa ya misumari, alasiri ya theluji.

"Baada ya hapo sikumshika tena," alisema.

Corinne alisimama na funguo mkononi. Kitu kilimpita usoni, lakini hakikuwa msamaha, na Alden hakujidanganya.

"Najua," alisema. Akainama, akambusu mtoto kwenye paji la uso, karibu sana na kifua cha mzee. "Baki na Bwana Thayer, mama. Narudi sasa hivi."

Gari lake likanguruma, likashuka kilima. Linnea alisikiliza hadi liliposikika mbali, akagundua kilichotokea, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Alden akampeleka dirishani. Hakumwahidi kitu. Alimshika kichwa kama alivyoelekezwa, akatembea naye kutoka dirishani hadi jikoni, na kurudi, na kurudi tena, na mikono ilipoanza kumuuma alishangaa mtoto anavyokuwa mzito, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwacha amshike muda mrefu hivyo, na yeye hakuwahi kuomba.